Mirija ya Latifu

Watu wa Kamembe walikwisha kumwambia Latifu, fundi cherehani, kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Alifunga uzazi kwa hiari yake baada ya mtoto wa nne. Mkewe alikuwa na ugonjwa wa moyo, na daktari alionya kwamba mimba nyingine ingemuua. Moyo ukamuua vilevile. Baadaye Latifu akamposa Uwamwezi, ambaye hajawahi kuzaa, akamweleza kila kitu kabla ya ndoa, naye akakubali. Lakini kukubali si kutotamani, na Latifu hakuwa kipofu.

Ndipo akaenda Kigali, daktari akaiunganisha tena ile mirija ya mbegu iliyokatwa. Kabla ya upasuaji Latifu aliomba kuuona uzi. Yeye aliyezeeka na nyuzi mkononi, huo hakuuona kwa wembamba wake mpaka ulipolazwa juu ya kitambaa cheupe. Akapanda mwenyewe kitandani, mtu ambaye hajawahi kuona mshono wa mwenzake asiukosoe.

Leo wamekuja kliniki ya mjini kujua kama mbegu zimepata njia. Mara ya kwanza hazikuonekana kabisa, na Uwamwezi alilia njia nzima. Sasa Mukansanga, mpimaji wa maabara, ameinamia hadubini muda mrefu hata Latifu ameanza kutokwa jasho.

"Papa Latifu, kuya uone."

Akainama. Mwanzoni aliona ukungu tu. Kisha kitu kikapita, chenye mkia, kina haraka zake; kikafuata kingine. Subhanallah! Vilikuwa hai. Akashika meza.

"Ziko kidogo, siwezi kuahidi kitu," alisema Mukansanga. "Lakini zinatembea."

Uwamwezi naye akaangalia, akacheka huku machozi yakimtoka. "Banakimbia hivi, banajua kwenye banaenda?"

"Zilianza kutengenezwa lini?" Latifu akauliza. "Nyuma ya operesheni?"

"Hapana, Papa. Mwili haikuacha kazi hata siku moja. Ile miaka yote ilikuwa inatengeneza, njia tu ndiyo ilifungwa."

Latifu alistaajabu mno. Aliikumbuka miezi ile ya msiba, cherehani imefunikwa shuka, chakula hakipiti kooni, naye akijiona maiti anayepumua.

"Hata siku nilizika mama ya batoto?"

"Hata ile siku."

Uwamwezi akasogea, akamwachia nafasi. Latifu akainama kuangalia tena, na hakuna aliyemharakisha.