Sahani ya Tano

Tangu bahari imchukue Lafaele kule kwenye mwamba, mkewe Sinalei ana kosa moja halimtoki. Kila jioni akipakua majimbi, anapakua sahani tano. Nyumbani wamebaki wanne: yeye, mama mkwe wake Sulata, na mabinti zake wawili. Akiiona ile ya tano, hairudishi chunguni. Anaifunika kwa jani la mgomba, anaisogeza pembeni.

Lakini si hilo lililomtisha Sulata. Kwenye sala ya jioni kila mtu husema mstari wake wa Biblia na shukrani moja, kuanzia mdogo mpaka mkubwa. Zamu ya Sinalei ikifika anainamisha kichwa, wanamruka. Wiki sita sasa. Na jana Pua, mdogo wa miaka mitano, naye aliinamisha kichwa vilevile.

"Mimi nilimzaa Lafaele, silii kidogo kuliko wewe," Sulata alimwambia asubuhi. "Lakini mtoto anajifunza kwako kumnyamazia Mungu. Leo useme kitu."

Jioni baragumu la kombe la kuita sala likalia, kijiji kizima kikatulia. Likishalia, huruhusiwi kupita njiani mpaka sala iishe. Unaingia nyumba iliyo karibu. Bibi Faapusa, msuka mikeka, likamkuta hapo hapo nje. Akaingia akihema, akakaa, akafunua jani la ile sahani ya tano.

"Nyumba hii mna wachawi au malaika?" akanong'ona. "Juzi baragumu limemshika yule mjane muuza mkate, kala hapa. Jumamosi fundi wa nyavu, kala hapa. Leo mimi, tangu asubuhi sijaweka kitu tumboni. Nani anawaambia tunakuja?"

Sulata akamwambia anyamaze, sala imeanza.

Wakaimba. Zamu ikaanza kwa Pua. Akainamisha kichwa. Dada yake akasema wake haraka haraka. Halafu zamu ya Sinalei.

Sinalei alikuwa anakumbuka jioni moja moja, akirudi nyuma. Mjane wa mkate. Fundi. Yule mgeni aliyelowa mvua. Wiki sita amepakua kwa kukosea, na hakuna asubuhi hata moja aliyokuta chakula kimelala kwenye ile sahani. Yeye alikuwa anaitazama sahani tu. Hakuwahi kumtazama aliyekuwa anakula.

"Mstari sina," akasema. "Bado nimekukasirikia, Bwana. Ila nashukuru kwa sahani ya Lafaele. Sikujua unaitumia."

Sulata akajifunika uso na leso.

"Bibi," Pua akamuuliza Sulata polepole, "naweza kurudia zamu yangu?"

Akaruhusiwa. Akasema mstari ule mfupi kuliko yote, wa Yesu kulia, kisha akashukuru kwa ajili ya kuku wake.

Baada ya amina, Bibi Faapusa alikula mpaka akapangusa sahani kwa kidole. Akasema majimbi mazuri, ila tui limepungua chumvi.

Sinalei akainuka kumletea.