Safari ya Sebuleni

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, sijawahi kumwona amekaa kimya tangu nimjue. Kwa hiyo karani wa tiketi alipotuambia kwamba kutoka uwanja wetu wa ndege hadi ule wa mji anakoishi mwanawe ni kilomita elfu kumi na mbili, yaani saa kumi na nne angani bila kutua, nilimwona akikumbatia mkoba wake na kuutazama mlango.

“Saa zote hizo nimefungwa kwenye kiti? Kwani mimi gunia?”

Mwanawe wa pekee anaoa mwezi ujao, naye anamngoja mama yake. Karani akakubali kumshikia nafasi siku mbili. Tukarudi nyumbani wifi hajakata shauri.

Kesho yake alfajiri, baada ya kusali, nilipanga viti vya mezani sebuleni kama ndani ya ndege. Nikamkalisha, nikamfunga mtandio kiunoni, nikakaa kando yake.

“Tunaruka. Ukifika salama usiku, unakwenda. Ukishindwa, nitampigia mwanao mimi mwenyewe.”

“Na rubani nani?”

“Mungu.”

“Basi mwombe asikate kona kwa kasi, nina presha.”

Akaanza na habari za majirani, nyumba kwa nyumba. Nilipomletea chakula kwenye sinia akalalamika kwamba ndege hii haina maana, mhudumu mwenyewe ajuza. Chooni tulikwenda kwa zamu. Mchana akasinzia begani kwangu, akakoroma kushinda injini. Alipoamka hakusema neno. Hapo nikajua kuna jambo.

“Wifi, una nini?”

“Kukaa naweza,” akasema polepole. “Lakini mwanangu ameshaniandalia chumba. Anasema nikifika, nisifikirie tena kurudi. Sasa wewe utabaki na nani humu?”

Tangu kaka yake atangulie mbele ya haki, ni yeye anayelala chumba cha pili, na kelele zake ndizo zinazoniamsha. Nilitamani kumwambia asiende. Nikamwomba Mungu anizuie ulimi.

“Utakwenda,” nikasema. “Umshike mkono mwanao siku ya harusi yake. Mambo ya kuhamia mtayazungumza ana kwa ana.”

“Na wewe?”

“Mimi nitalala usingizi niliokosa miaka yote hii.”

Akanipiga kofi la paja. “Muongo mkubwa!” Alicheka huku machozi yakimtoka, nami yangu nikayafutia upande wa pili asiyaone.

Giza lilipokuwa limeshaingia, nikamwambia tumetua. Hakufungua mtandio. Alibaki amekaa, ameushika mkono wangu.

“Kesho twende wote kwa karani,” akasema. “Anikatie ya kwenda na kurudi. Mwanangu akinuna, anune akiwa ameshaoa.”