Mfuko wa Kutosha Chungwa

…na lile jaketi la zamani liliishia wapi, hilo Gunnvor hajalijua mpaka leo, Pasaka iliyopita baba yake aliondoka kibandani kwao mlimani na ski zake, zile mbao za kutelezea thelujini, amevaa jaketi la bluu, akarudi jua linazama, ana sweta tupu, hatetemeki, anatabasamu, alipoulizwa akasema, "jaketi gani?", na sasa mzee Torleiv yuko mbele ya kioo dukani hapa Vinstra, amevaa la kijivu, anajigeuzageuza kama bwana harusi, kijivu cha theluji ya jioni, mtu akipotea nalo utampita ukidhani ni jiwe… "Hili limenikaa," anasema, limekukaa baba, kweli, mabega ni yaleyale yaliyowabeba kwa zamu Gunnvor na kaka yake Sigbjørn utotoni, theluji ilipowazidi magoti, na Sigbjørn asubuhi kwenye simu, mwambie leo, dada, tangu daktari aseme kumbukumbu zinafifia hatuna la kusubiri, mwambie ski sasa basi, wewe anakusikiliza… yuko Oslo, anawaza kwa mbali usiku kucha, hamlaumu… "Hebu jaribu jekundu, mzee wangu," anasema Jorid, mwenye duka, "Nitafanana na gari la zimamoto!" "Afadhali, tutakupisha njia," wanacheka, Gunnvor anacheka kwa kuchelewa, maneno yamemjaa mdomoni, baba, Pasaka hii hupandi mlimani, maneno machache tu, lakini mzee ametoa chungwa, kumbe amekuja nalo kutoka nyumbani, analipima kwenye mfuko wa kifua wa lile la kijivu, haliingii, anavaa jekundu, analisukuma, limeingia, anajipigapiga kifua, kama kila Pasaka, kule juu, wamekaa watatu kwenye shimo alilolichimba thelujini, nyuso juani, anamenya kwa kidole gumba, wanawe kwanza, yeye mwisho, maganda anayarudisha mfukoni… jina la daktari limempotea, jaketi limempotea, chungwa bado analo, na chungwa lile hakuwahi kulila peke yake… labda lile la bluu alimvika mtu, labda alilikalia juani akalisahau, hatajua, naye mwenyewe hatajua, na ajabu leo halimuumi, kinachomtisha ni baba kuwa kule bila mtu, ski hazijawahi kumtisha… "We Gunnvor, jekundu au kijivu?" jekundu, baba, anajisikia akisema, "na wewe Jorid, niletee jingine kama hilo, saizi yangu, nitakuwa nyuma yake," "Nyuma?" mzee anamtazama kupitia kioo, "utanifikia lini, mwanangu?" na Jorid anacheka huku akielekea stoo… watapanda wawili, Sigbjørn ataambiwa jioni, atanung'unika kidogo kisha atauliza kama kuna nafasi ya mtu wa tatu… zipu inakwama kifuani, Gunnvor ananyoosha mkono amsaidie, mzee anausogeza pembeni taratibu, anaishusha kidogo, anaipandisha mwenyewe mpaka kidevuni.