Kondoo wa Kumpokea Zipporah

Kosa lilikuwa la mdomo wake mwenyewe. Zipporah hakulazimishwa na mtu. Alikuwa amebeba trei ya chai tu, akapita nyuma ya kochi, akaona picha kwenye kompyuta ya madam, akashindwa kujizuia.

"Haki ya nani! Hiyo si Molo?"

Haikuwa Molo, kwao Kenya. Ilikuwa Uskoti, nyumba ya mawe ya kupangisha wageni, nyuma yake kilima cha kijani na kondoo, na ukungu umelala juu. Madam Saleha alikuwa akipanga safari ya Julai, kuikimbia Riyadh na joto lake, na tangu asubuhi alikuwa amechanganyikiwa: wachukue nyumba ipi, wavae nini, moto wa kuni unawashwaje. Mtu aliyezaliwa Jeddah ataijulia wapi baridi?

Basi Zipporah akaweka trei chini, akaanza. Loo, alisimulia! Jinsi ukungu wa Molo unavyoshuka kabla hujamaliza kukamua, usione hata mkia wa ng'ombe unayemkamua. Jinsi ya kuchanja kuni zilizolowa hadi upate kiini kikavu. Kwamba viatu vilivyolowa havikaushwi karibu na moto, vitapasuka, vijazwe magazeti. Binti wa nyumba, Nusra, akaiacha simu yake. Miaka minne Zipporah alikuwa ghorofani pale Olaya, Riyadh, akifuta vumbi linalorudi kabla kitambaa hakijakauka, na hakuna aliyewahi kumuuliza kwao kukoje. Sasa siku tatu mfululizo walimuuliza, naye siku tatu akajibu kwa furaha.

Siku ya nne madam akapiga makofi. "Halas! Bila wewe hatuendi. Nimeshasema na baba Nusra, unakuja na sisi. Likizo yako tutaisogeza Desemba."

"Sawa, madam," akasema Zipporah. Mjinga wee! Ulimi uliosimulia siku tatu, leo umeshindwa na neno moja.

Maana likizo yake ilikuwa hiyo hiyo Julai, na ilikuwa imeshasogezwa mara mbili. Kule Molo mama yake, Keziah, alikuwa amemtengea kondoo dume wa kumpokea, na kondoo aliyetengewa mtu hachinjwi kwa jambo jingine. Krismasi mbili zilimpita kondoo yule. Harusi ya binamu ilimpita.

"Kondoo wako amezeeka," mama alisema kwenye simu jioni ile. "Meno yameanza kung'oka. Julai unakuja, ama?"

"Nakuja, Mum." Akakata simu, akajifungia chooni, akalia.

Wiki ile wakashuka Jeddah, Saleha amshawishi mama yake aandamane nao. Bibi Zeinab aliishi Kandara, mtaa wa vyumba vya kupanga na vijiduka, na watoto wake walikuwa wameshindwa kumhamisha. Alitoka Unguja mwaka sitini na nne akiwa na miaka tisa, na Kiswahili chake hakikuwa kimeingia kutu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Naambiwa wewe ndiye bingwa wa hiyo Uskoti. Hebu nihadithie."

Zipporah akahadithia: ukungu, kuni, viatu. Halafu, hata yeye hajui ilikuwaje, akafika kwa kondoo, kondoo wake, anayezeeka kule Molo akimngoja.

Bibi Zeinab akaweka kikombe cha kahawa chini. "Saleha, huyu hahadithii Uskoti. Ahadithia kwao."

Bibi akaendelea taratibu. "Siku tulipotoka, marehemu mama alimwachia jirani kuku wake watatu. 'Niangalizie, Idi nitakuwa nimesharudi.' Mpaka anaingia kaburini akiwaulizia kuku wale. Watu wadhani twalilia majumba. Mimi nalilia kuku."

Zipporah akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Madam," akasema, "mimi Julai nataka kwenda nyumbani. Desemba hapana."

"Na moto nani atatuwashia?" Saleha alikuwa amekasirika kweli, na aibu ya kukasirika mbele ya mama yake ilimzidishia hasira.

"Nitawafundisha."

"Yalla, awafundishe hapa hapa," akasema Bibi. "Paa lipo."

Wakafundishwa juu ya paa la Kandara, joto nyuzi arubaini na mbili, kuni zimelowekwa kwenye beseni makusudi. Nusra alikohoa mpaka akatoka machozi. Mara ya tano moto ukawaka, na madam, masizi puani, akapiga kigelegele. Kisha akamgeukia Zipporah.

"Nitamwambia baba Nusra akutolee viza ya kutoka na kurudi," akasema. "Lakini urudi."

Julai, picha ya moto ilimfikia kutoka Uskoti bila maneno yoyote. Zipporah alikuwa ameketi jikoni kwa mama yake, ukungu umefika mlangoni. Kondoo alichemshwa tangu asubuhi, na hata jioni nyama ilikuwa ngumu. Zipporah akatafuna, akatafuna, akaomba kipande kingine.

"Ungekuja mwaka juzi," mama akasema, "ilikuwa laini."

"Najua, Mum."