Kifundo Kisichodondoka

Yule mwanamke sikumwamini tangu siku ya kwanza, na nalisema mapema ili asije mtu akadhani nimegeuka mnyenyekevu. Mtu mzima anakusanya wazee kwenye ukumbi ulio nyuma ya zahanati, anawagawia rangi na brashi, anawaambia wachore miti. Si mti wanaouona dirishani, la, mti unaokuja wenyewe. Wasifikiri, wasifute, mkono uende unakotaka. Wakimaliza anawauliza kwa sauti laini huo mti una habari gani, na wazee wanaanza kumwaga mambo ya ukoo mbele ya watu. Mimi ni seremala. Kwetu mkono ukienda unakotaka, unarudi umepungua vidole.

Mama yangu alikuwa haendi kwingine siku ya Jumatano. Ana miaka sabini na sita, mjane wa seremala na mama wa seremala. Macho yake hayasomi tena herufi ndogo, ila rangi anaziona. Alikuwa akirudi na kijani kwenye kucha, mchangamfu kuliko nilivyomwona miaka mingi. Mtoto mwenye akili timamu angefurahi. Mimi machale yalinicheza. Kila aliporudi nilimuuliza amesema nini huko, mwalimu amemuuliza nini, na kile kidaftari anachoandika andika ni cha nini. Mama alinijibu kwamba kama nimechoka useremala niende nikaombe kazi polisi.

Wasiwasi wangu ulikuwa na mzizi, na mzizi wenyewe niliufukia mimi.

Nilikuwa na kaka, mkubwa wangu kwa miaka sita, akifanya kazi na baba kwenye karakana hii hii ninayoishikilia leo. Mama alikuwa amesafiri kumuuguza dada yake. Mteja akaja kuchukua mlango wake, na kaka akamwambia, baba akisikia, kwamba mbao zake hazijakauka, mlango utapinda kabla mwaka haujaisha. Ilikuwa kweli tupu. Baba alingoja mteja aondoke, akamtandika kaka kwa kipande cha ubao, akamtupia nguo zake barabarani. "Kwangu umekufa," alimwambia. Miezi miwili baadaye mama aliporudi, baba akamwambia kijana alikwenda kutafuta kazi mgodini, mgodi ukamfunika, na maiti haikupatikana. Mara ya kwanza nilikuwa nyuma ya rundo la mbao. Mara ya pili nilikuwa nyuma ya mlango. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na baba nilimwogopa kutwa kucha, kwa hiyo nikanyamaza.

Baba akafariki, nikasema nitamwambia mama msiba ukipoa. Msiba ukapoa, sikusema. Kisha, miaka kumi na moja iliyopita, ikaja barua karakanani kwa jina langu. Kaka yu hai, ana mke na mabinti wawili, anatengeneza madirisha kwenye mji mwingine. Mistari tisa tu. Wa saba ulisema hivi: "Mwambie mama nipo. Nisipopata jibu nitajua ni yeye aliyenikataa, na sitamsumbua tena."

Niliisoma nimesimama, nikaitia kwenye droo ya chini, chini ya patasi zilizokwisha makali. Sikujibu. Nilijidanganya kwamba naulinda moyo wa mama, moyo gani, nilikuwa naona wivu. Tangu kaka azikwe kwa maneno, mama alibaki na mtoto mmoja, na huyo mmoja nilikuwa mimi, Kitinda wake, kama anavyoniita hadi leo na mvi zangu. Sikutaka kugawana. Kila mwaka uliopita uliniongezea kosa, mpaka nikajua kwamba siku mama akiijua hiyo barua, atakayempoteza mama ni mimi.

Sasa niambie, ningelala vipi na mwanamke wa brashi anayechokonoa wazee?

Jumatano moja nikafunga karakana nikampeleka mama mwenyewe, nikakaa kwenye kiti cha nyuma, mikono kifuani. Nilikwenda kumkamata mwalimu. Ukumbi ulikuwa na meza za plastiki, makopo ya maziwa yaliyojaa maji machafu ya rangi, na kamba mbili za kuanikia nguo zilizokatiza kutoka ukuta hadi ukuta. Michoro ilibanwa humo kwa vibanio. Utaratibu wao ulikuwa huu: watu wa familia moja wakija, michoro yao inaanikwa bega kwa bega, na wote wanaitazama kimya kabla mtu hajasema neno. Dereva mstaafu mmoja alikuwa amechora mti wenye mizizi nje ya udongo, akaanza kusimulia alivyohamishwa shule tano utotoni, akafuta pua kwa mkono wa shati. Nikaona haya kwa niaba yake.

Mwalimu alipokwenda kubadilisha maji, nikakichungulia kidaftari chake. Nilitarajia majina, mali, nani ana nyumba na nani hana mrithi. Kilichokuwemo ni haya: bluu imekwisha, nunua karatasi nzito, bibi wa meza ya tatu mpe kiti chenye mgongo. Nikakirudisha nikiwa na hasira zaidi, maana mtu asiyeacha ushahidi ndiye wa kuogopwa.

Michoro ya mama ilikuwa mitatu kambani, na yote ilikuwa mti ule ule. Shina nene, tawi moja la majani upande wa kulia. Kushoto, kimo cha bega, shimo jeusi. Mwalimu alimuuliza hapo pana nini, akajibu kwamba kifundo kilidondoka.

Wengine hawakuelewa. Mimi nilielewa. Kifundo ndani ya ubao ni mahali tawi lilipoota. Tawi likikatwa likiwa bichi, limeungana na shina, kifundo chake hushika kwenye ubao na hakitoki, uupige randa usiupige. Lakini tawi lililojifia juu ya mti huachana na shina, kifundo chake huzungukwa na duara jeusi, na ubao ukikauka kinadondoka chenyewe, kinabaki tundu. Yeyote aliyekaa na seremala anajua hilo. Mama alikuwa anamchora mwanawe aliyekufa.

Mwalimu akaniletea karatasi na brashi. Sikuomba. Alisema tu kwamba fundi akikaa bure mikono inamuwasha. Nikaona ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, lakini kukataa kungemtia mama mashaka, basi nikapokea. Na nikajiona mjanja. Mti una matawi, una mizizi, una mambo. Nitachora ubao. Ubao uliopigwa randa, safi, usio na la kusema. Nikapaka hudhurungi, nikavuta mistari ya nyuzi za mbao kutoka juu hadi chini, na kazi ikaninogea, nikajikuta hata naimba chini chini.

Mwalimu aliubana kando ya mchoro wa mama. Kimya kikapita, kile kimya chao.

Mama akainuka. Alitembea mpaka kambani akiwa ameshika migongo ya viti, akasogeza uso karibu na karatasi yangu, akaweka kidole. Hapo ndipo nilipokiona. Kushoto, kimo cha bega, mkono wangu ulikuwa umechora kifundo. Miaka thelathini na saba sijashika ubao usio na kifundo, na mkono ulikitia bila kuniuliza. Nyuzi zilikizunguka vizuri, zimeungana nacho. Hakikuwa na duara jeusi.

"Kitinda," alisema, "hiki mbona kimeshika?"

Nikasema ni ubao tu, mama, nilikuwa napoteza muda. Nikacheka. Kicheko chenyewe hata mimi sikukiamini.

"Baba yako nilimuuliza jina la mgodi mara tatu, akanipa majina matatu," alisema. "Nikanyamaza kwa sababu nilikuwa na wewe. Sasa wiki zote hizi unaniuliza nimesema nini huku. Hujaniuliza hata siku moja nimechora nini. Unaogopa nini?"

Dereva mstaafu alijitia hamnazo, akawa anaosha brashi ambayo ilikuwa safi. Mwalimu hakusogea. Nilimtazama nikitafuta ushindi usoni mwake, ili nipate wa kumlaumu, nisiuone. Mama aliugeuza uso wangu kwa kidole chake chenye rangi mbichi.

"Sikuulizi habari za ubao. Nakuuliza mwanangu alikatwa akiwa mzima?"

Ningeweza kusema hapana. Neno lilikuwa tayari mdomoni, nimelizoea kama nyundo. Lakini alikuwa amenishika kidevu kama nilipokuwa na miaka minne.

"Yu hai, mama. Ana watoto. Kuna barua."

Hakulia. Aliuliza barua iko wapi, nikamwambia, akachukua mkoba wake. Karakana haiko mbali na zahanati, ni kona mbili tu. Alimshika mwalimu mkono, si mimi, na mimi nikatangulia mbele yao kama mtu anayepelekwa kituoni. Nikafungua kufuli, nikatoa patasi moja moja, nikaitoa barua. Ilikuwa imepata kutu pembeni. Mama aliketi kwenye benchi la kukatia, maranda yakiwa miguuni, akaniambia nisome.

Nikasoma. Salamu, mke, mabinti na majina yao, kazi ya madirisha. Kwenye jina la binti mkubwa mama aliziba mdomo, kwa kuwa lilikuwa lake. Mistari sita nilisoma vizuri. Nilipofika wa saba niliona neno la kwanza, nikaruka hadi wa nane, mahali anapoandika anwani, nikamalizia wa tisa. Sauti haikutetemeka. Nikajiambia nitamwambia kesho hilo moja, akishatulia, kesho au keshokutwa.

Mama akanyoosha mkono. Nilidhani anataka kuibusu karatasi. Aliipokea, akaipapasa kutoka juu hadi chini kama anayekagua meza iliyopigwa msasa, kisha akampa mwalimu.

"Mwanangu," alimwambia yeye, si mimi, "hebu nisomee tena. Usiache kitu."

Mwalimu alivaa miwani. Alisoma polepole, kwa sauti ile ile laini niliyoichukia wiki zote hizo. Mama hakumtazama msomaji, alinitazama mimi. Ukapita mstari wa tano. Ukapita wa sita. Nilishika ukingo wa benchi, na mwalimu akatua kidogo, akaniangalia juu ya miwani, akaanza wa saba.