Huyu Analala Wapi?

Nyumbani kwa Mutheu hakuna filamu iliyowahi kutazamwa kwa amani. Mhusika mkuu angekuwa anakimbizwa na majambazi, watu wote sebuleni wameshika roho mkononi, halafu Mutheu angeuliza, "Na yule msichana aliyeleta chai, analala wapi?"

Munyao, mumewe, alikuwa amezoea. Alimjibu kwamba analala stoo, au kwamba amesafiri kwao Masinga, mradi tu aachwe atazame. Lakini Mutheu hakuwa anatania. Alikuwa na diploma ya ununuzi na ugavi, alisimamia stoo ya kiwanda kimoja Thika, na kwake kitu kikiingia mlangoni sharti ijulikane kimetoka wapi na kinakaa wapi. Filamu ikimwingiza mtu, ikamtumia kubeba trei au kumwambia rafiki yake "mfuate, unampenda," kisha ikamsahau, aliiona kuwa kazi ya uvivu. Hakutaka mtu huyo apewe saa nzima. Alitaka kitu kidogo tu: kiatu kilichopasuka, mtoto anayempigia simu, kitanda. Kitu cha kuonyesha kwamba aliyetunga alijua huyu naye ana kwake.

Kwa hivyo Eddie, kifungua mimba wake, alipoacha masomo ya umeme na kusema anataka kuigiza, alijua atakachoambiwa. Mutheu hakulia wala hakuwaita wazee wa kanisa. Alikwenda akachukua sanduku la chuma la vifaa vya umeme la Eddie, akaliweka kando ya mlango wa mbele, mahali ambapo kila atokaye lazima alipite.

"Umesema umepata filamu," alisema. "Rafiki ya mhusika mkuu. Sawa. Nitaitazama mpaka mwisho. Wakikufanya mtu, endelea na kazi yako, sitasema neno. Wakikufanya ngazi ya kupandia mwenzako, Septemba unabeba sanduku hili unarudi darasani."

Eddie alikubali. Kutoka siku hiyo hakusema lolote kuhusu alichokuwa anaigiza. Mutheu alimchokoza mezani, akataka kujua huyo rafiki ana mama au ameokotwa, naye Eddie akawa anamsogezea bakuli la muthokoi na kumwambia ale, chakula kinapoa.

Jambo ambalo Eddie hakujua ni kwamba mama yake aliiogopa siku hiyo kuliko yeye. Filamu ikiwa ovyo, ingembidi aseme hivyo akimtazama usoni. Hakuwahi kupitisha mzigo mbovu kiwandani kwa kumwonea mtu haya, na hangeweza kuanza na mwanawe. Na alijua Eddie hatabishana. Angeinama tu, abebe sanduku, aende.

Jumamosi moja Eddie aliondoka asubuhi kwenda kurekodi Thika. Mutheu alibaki kwao Ruiru, upande wa nyuma wa Membley. Aliiacha simu kwenye chaji chumbani, akafungulia redio, akatoka kuosha vyombo kando ya tangi.

Wangechi aliingia getini bila kuita. Alikuwa jirani na mwenyekiti wa akina mama kanisani, mtu ambaye kwa kawaida husikika kabla hajaonekana. Siku hiyo alimsalimu Mutheu kwa mikono miwili, akamtoa sufuria mikononi na kuanza kuisugua. Mutheu alidhani amegombana kwake, akamwachia. Mtu akisugua sufuria hasira hupungua.

Kisha wakaja wanawake wawili na kreti ya maziwa na mikate. Akaja mwingine na sukari. Nyuma yao ikafuata pikipiki ya mizigo imejaa viti vya plastiki, na hapo Mutheu akashtuka: mkutano wa akina mama. Bila shaka zamu ilikuwa yake na amesahau. Kwa kuificha aibu alianza kuamrisha. Viti viwekwe kivulini. Sufuria kubwa ibandikwe. Mikate hiyo ni michache, nani aliihesabia watu? Wanawake walifanya kila alichosema, tena kwa upole, na hilo ndilo lililoanza kumtatiza, kwa maana wanawake hao hawakuwa na tabia ya kumtii mtu.

Alipoingia ndani kutafuta vikombe alikuta redio imezimwa. Mama mmoja alikuwa anasukuma makochi yaelekee ukutani, mwingine anaondoa meza katikati.

Mutheu alisimama na mkate mkononi. Hivyo sivyo nyumba inavyopangwa kwa mkutano. Hivyo ndivyo nyumba inavyopangwa kwa matanga.

Alitoka akamfuata Wangechi.

"Ni nani?"

"Keti kwanza, Mama Eddie. Tunamngoja mchungaji."

"Sijauliza mchungaji."

Kanisani mwao habari kama hiyo haikutolewa na mwanamke mmoja kwa mwenzake wakiwa wamesimama. Aliyefikwa aliketishwa, mchungaji akawepo, chai ikiwa motoni, ndipo neno likasemwa. Wangechi alijua utaratibu, yeye ndiye aliyewafundisha wengine. Lakini alimjua na Mutheu, akaona hataketi. Alifuta mikono kwenye leso.

"Ni Eddie," alisema. "Nimeona gari."

Akaeleza kwa sauti ya chini. Alikuwa amesimama kwenye kituo cha mafuta pale kando ya barabara kuu. Ikapita nisani nyeupe, vitambaa vyekundu vimefungwa kwenye vioo vya pembeni kama gari la mazishi, na mbele kabisa picha kubwa ya Eddie na shati lake la kanisani, tarehe ya kuzaliwa chini yake, na tarehe nyingine.

Mutheu alikwenda chumbani kuchukua simu. Alitembea haraka na wima, kama anayekwenda kupokea mzigo. Simu ilikuwa imejaa watu waliompigia, Munyao akiwa mmojawao. Eddie hakuwemo. Alimpigia, akaambiwa na ile sauti ya kike kwamba mteja hapatikani. Akarudia. Mara ya tatu aliketi kitandani, akaona bado ameshika mkate.

Alipotoka alilipita sanduku la chuma pale mlangoni. Alisimama. Aliinama, akaligeuza ili mpini uelekee ndani, usielekee nje, kama la mtu anayerudi nyumbani, kisha akaenda moja kwa moja tangini, akachukua sahani na kuiosha. Ilipotakata akaiosha tena. Hakuna aliyethubutu kumnyang'anya.

Geti likafunguka. Eddie akaingia akitafuna hindi la kuchoma, nyuma yake Dianah, mwelekezi wa filamu yao, msichana mwembamba wa Kahawa Wendani, amebeba begi la nyaya. Eddie aliona viti. Akaona sufuria kubwa na wanawake wamejifunga leso. Alilificha hindi nyuma ya mgongo, akavua kofia, akamwendea mama yake kwa adabu.

"Pole, mama. Nani amekufa?"

"Ni wewe," Wangechi alisema.

Kilichofuata kilisikika mpaka barabarani. Mutheu peke yake hakupiga kelele. Alimwendea mwanawe na sahani inayochuruzika maji, akamshika shingo, masikio, mabega, akamgeuza kutazama mgongo, kama anavyokagua kitu kilichosafirishwa mbali. Halafu akamshika mkono wa shati na hakuuachilia.

Maelezo yalikuwa mafupi. Walikuwa wamerekodi mazishi. Dereva wa nisani alipomaliza kazi aliendesha gari lake kurudi kwake Ruiru, wala hakukumbuka kuibandua picha. Simu zilikuwa zimezimwa kwa sababu ya kurekodi. Dianah alizunguka akiomba msamaha kwa mama mmoja mmoja, akimwita kila mmoja auntie, nao kila mmoja akamwambia asirudie, kisha akamuuliza kama ameolewa. Munyao alipigiwa simu akiwa njiani. Alipenga kamasi, akauliza kama chai imeiva.

Ilikuwa imeiva. Hakuna aliyefikiria kuimwaga. Viti vilikuwepo, mikate ilikuwepo, na mchungaji alipofika na uso wake wa majonzi alipewa kikombe kabla hajafungua Biblia. Mama mmoja alisema kwamba tayari alikuwa ameanza kuyapanga ya kusema juu ya marehemu, jinsi alivyotengeneza taa za kanisa bila kuombwa mara mbili, na kwamba ni hasara kuyaacha yapotee. Akaambiwa ayaseme. Wengine nao wakafuata. Eddie akaketi katikati, akasikiliza wema wake wote huku akila mkate wa matanga yake mwenyewe.

Mutheu alicheka mpaka akalazimika kushikilia ukuta. Kisha akajipangusa macho, akamgeukia Dianah.

"Kwa hivyo huko kwenu amekufa."

Dianah alikiri. Rafiki hufa katikati ya filamu, ndipo mhusika mkuu anapata uchungu wa kutosha kupambana na wale maadui.

"Na leo mlipomzika, nani walikuwa kaburini?"

"Mhusika mkuu, mpenzi wake, na pasta."

"Mama yake?"

Dianah alitazama kikombe chake. "Mama hatukumwandika, auntie."

Mutheu hakupandisha sauti.

"Mimi nimefiwa na huyu hapa nyumbani kwangu. Nusu ya Ruiru imekuja na viti. Wewe umemzika na hujamtafutia hata mtu wa kuosha sahani."

Eddie alikuwa ameacha kutafuna. Alijua hiyo ndiyo hukumu, na kwamba imekuja kabla ya wakati. Alitazama mlangoni lilipokuwa sanduku. Mutheu aliona alikotazama, na furaha yote aliyokuwa nayo ikaanza kumtoka. Lakini mzigo ni mzigo. Aliuliza lile alilokuwa akiuliza miaka yote.

"Huyo rafiki analala wapi?"

Alikuwa amemuuliza Dianah. Aliyejibu ni Eddie.

"Wendani," alisema. "Kwenye duka la kunyoa la mjomba wake. Wakifunga anatandika godoro katikati ya viti. Anaamka kabla mjomba hajafika kwa sababu hataki akutwe amelala, anafagia nywele, anakunja godoro. Mama yake yuko Matuu. Anamdanganya kwa simu kwamba amepanga chumba. Ndiyo maana hapendi rafiki yake amtembelee. Si kiburi."

Dianah alimgeukia. "Hiyo umeitoa wapi?"

"Nilikuwa nayo tangu mwanzo. Singeweza kumwigiza bila kujua."

"Mbona hukusema?"

"Hakuna aliyeuliza."

Mutheu alimtazama mwanawe. Miezi yote hiyo alidhani amemlea mtu asiyemsikiliza. Kumbe alikuwa ameketi pale kwenye zulia miaka nenda miaka rudi, filamu baada ya filamu, akilisikia swali hilo hilo, na alipopewa mtu wa kumwigiza alianza kwa kulijibu.

"Andika hayo," alimwambia Dianah. "Mimi naongeza chai."

Jumamosi iliyofuata walirudi wote, mara hii na kamera. Dianah alitaka wanawake waje na viti na maziwa vile vile walivyokuja. Alimwomba Mutheu aigize mama. Mutheu alikataa papo hapo. Alisema hilo amelifanya mara moja na linamtosha maisha yake yote. Kwa hivyo mama akawa Wangechi, ambaye alidai kwanza aende saluni, akaelezwa kwamba mama aliyefiwa hatoki saluni, akakubali shingo upande.

Filamu ilionyeshwa Thika, mchana wa Jumapili, kwenye ukumbi uliokodiwa, wenye viti vinavyolia ukijigeuza. Mutheu aliketi kati ya Munyao na Eddie, mkoba magotini, midomo ameikaza.

Mhusika mkuu alikuwa kijana mzuri wa uso aliyependa kusimama kwenye upepo. Mutheu hakumjali sana. Alimngoja rafiki. Akamwona akifunga mlango wa duka, akisogeza viti, akitandika godoro. Hayo hayakuchukua dakika nzima. Rafiki alikung'uta nywele za watu kwenye mto, akalala, simu ikalia, naye akaketi wima kabla ya kuipokea, kama vile mama yake angeweza kumwona amelala sakafuni. Akasema chumba ni kizuri, kina dirisha.

Ukumbini mtu alicheka kidogo, kisha akaacha.

Rafiki alipokufa, filamu haikukimbilia kaburini. Ilikwenda kwanza kwenye ua wenye tangi, ambapo Wangechi, nywele hazijachanwa, alikuwa anaosha sahani. Wanawake waliingia na viti. Yeye akaiosha sahani. Akaiosha tena. Munyao, ambaye siku ile alikuwa njiani na hakuyaona hayo, alitafuta mkono wa mkewe gizani akaushika.

Taa zilipowaka Eddie hakumtazama mama yake. Alijishughulisha na kamba za viatu.

"Yule wa kusimama kwenye upepo," Mutheu alisema, "sijui anakula nini. Na yule mlinzi wa geti kule mwishoni hana kwake kabisa, mwambie Dianah. Lakini wewe ulikuwa mtu."

"Kwa hivyo?"

"Nilisema sitasema neno."

Walipofika nyumbani Mutheu hakungoja avue viatu. Aliliinua sanduku la chuma pale mlangoni, akalipeleka ndani, akalisukuma uvunguni mwa kitanda cha Eddie mpaka likagonga ukuta. Pale lilipokuwa sakafu ilikuwa imebaki na alama ya kutu ya pembe nne, naye akachukua kitambaa akaanza kuisugua.

Baada ya muda mfupi alimwita Eddie kwa sauti kutoka hapo hapo sakafuni. Taa ya jikoni ilikuwa tena inawaka na kuzima, na mwigizaji au si mwigizaji, hakuna mtu mwingine katika nyumba hiyo aliyejua kuitengeneza. Eddie akainama uvunguni kulitoa sanduku.