Fomu ya Watu wa Ukingo wa Mto

Jumatatu asubuhi, katika ofisi ya ghorofa ya pili mjini Surakarta, Ratri alikula nusu ya wali wake wa nazi, akamaliza kuunda fomu ya mtandaoni. Ilikuwa ya familia mia mbili na kumi za ukingo wa mto: atakayejiandikisha atapewa nyumba kabla ya bomoabomoa. Haikumchukua muda. Mfumo wa programu aliotumia ulikuja na kurasa zilizokwisha kutengenezwa. Unazitajia fomu na ukurasa wa shukrani atakaouona mtu akishatuma, zenyewe zinapokea, zinakagua, zinahifadhi.

"Niachie niongeze barua pepe ya kuthibitisha," alisema Danar, aliyemfundisha kazi hiyo tangu akiwa mwanafunzi.

"Chukua tu, kaka."

Jumanne watu wakaanza kujaza. Jumatano Ratri aliamka na jina la Tuminah, mmoja wa waliojaza, kwenye kifundo cha mkono, kwa wino mweusi, na chini yake idadi ya watoto. Sabuni haikulitoa. Kufikia Ijumaa majina yalikuwa yamefika mabegani, kwa mfuatano ambao fomu zilitumwa. Akavaa blauzi ya mikono mirefu, akaenda kazini, akafungua hifadhidata. Ilikuwa tupu.

Akaisoma mistari ya programu aliyoiongeza Danar. Barua pepe haikuwamo. Fomu ikishakubalika, mtu alipelekwa moja kwa moja kwenye shukrani. Amri ya kuhifadhi ilikuwa imeondolewa.

"Umesahau kuhifadhi," akamwambia.

"Sijasahau." Danar hakugeuka. "Mteja aliyetuagiza fomu ana nyumba thelathini tu, na tayari zina wenyewe."

"Na faili la programu lina jina langu."

"Si wewe uliyeliandika?"

Ratri akakunja mkono wa blauzi. Danar akayatazama majina.

"Yamepangika vizuri," akasema, akarudi kwenye kompyuta yake.

Ratri aliurudisha mstari wa kuhifadhi. Uandikishaji ulikuwa umefungwa tangu jana yake.

Jumatatu iliyofuata tingatinga zilifika mtoni. Jumatano watu walikuja ofisini, kila mmoja na ukurasa wa shukrani kwenye simu. Mlinzi akawaelekeza kwa Ratri, kwa kuwa majina yalikuwa kwake. Walipanga foleni kwenye ngazi. Mama Tuminah alivaa miwani, akamshika mkono, akasoma.

"Mwanangu, hapa umeandika watoto wanne. Ni watano."

"Wa tano amezaliwa lini?"

"Jana. Chini ya turubai."

Ratri akachukua kalamu, akakata nne, akaandika tano. Wino ukashika. Aliyefuata akasogea.